Malango ya Shwarini Hayafunguliwi

Jamani nimerudi! Na asiniambie mtu nikae kwanza ninywe maji, maana maji ndiyo kitu cha mwisho ninachotaka kukiona. Nina habari mpaka zinanikaba koo, na nina hasira. Nilidhani zitapoa njiani. Kumbe hasira ni kama uji: juu umeshika utando, ukitia kijiko ndani unaungua.

Nilifikaje Shwarini, hayo tuyaache. Mtu aliyemaliza chuo, ana cheti cha uhandisi wa mabwawa na hana kazi, anaweza kuamkia popote. Mimi niliamkia huko.

Shwarini ni nchi nzuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Barabara zimefagiwa, watu wamevaa wakapendeza, na hakuna anayelalamika, kwa sababu sheria inakataza. Ukikutana na mtu unamwambia "Shwari?" naye lazima ajibu "Shwari tupu." Hata mgonjwa. Kuna baba mmoja nilimkuta anatetemeka mwili mzima, nikamsalimu, akaniambia, "Shwari tupu, yenye homa kidogo," halafu akageuka nyuma kuangalia kama kuna aliyesikia hayo ya mwisho.

Juu ya mji kuna bwawa. Ukuta wake ni wa udongo na mawe, umeziba bonde lote toka kilima hadi kilima, na nyuma yake ziwa ambalo ng'ambo yake huioni. Pembeni ya ukuta kuna mfereji mpana wa zege, na kwenye mdomo wa mfereji yamesimama malango matano ya chuma, kila moja kama nyumba ya ghorofa. Kazi yake ni moja tu. Ziwa likijaa unayanyanyua, maji ya ziada yanapita, ukuta unapona. Usipoyanyanyua, maji yanapanda yanapita juu ya ukuta, na udongo ukipitiwa na maji mnajua wenyewe unavyofanya. Unaliwa. Ukishaliwa, ziwa zima linashuka bondeni kwa mkupuo mmoja. Na bondeni kuna watu.

Mmoja wa hao watu ni Mwamvua, ndiye aliyenipokea. Nilimkuta ananing'inia kwenye kamba mbele ya lango la tatu, ovaroli imelowa rangi, anaimba na wenzake. Yeye ndiye kiongozi wa kikosi cha wanawake wapaka rangi wa bwawa. Aliponiona akashuka mbio.

"Mgeni, umekuja siku yenyewe! Leo ndio sikukuu ya Ukarabati."

"Mnakarabati nini, dada?"

"Si malango? Huoni? Mwaka jana yalikuwa ya kijani, mwaka huu rangi ya chungwa. Kachagua Mtulizaji Mkuu mwenyewe."

"Na mota? Na minyororo? Na zile raba za pembeni?"

"Navyo tunavipaka," akasema, kifua mbele. "Sisi hatubakizi kitu."

Mimi na kiherehere changu nikauliza, "Mara ya mwisho yalifunguliwa lini?"

Wimbo ukakatika. Kamba zote zikatulia. Huko juu sauti moja ikasema, "Mwamvua, mgeni wako kwao hawafundishwi adabu?" Mwamvua akanivuta pembeni kwa mkono wenye rangi, akaninong'oneza: "Mdogo wangu, kwenu mnamwamkia mwanamke wa watu kwa kumuuliza aliachika lini?"

Nikaeleweshwa. Shwarini malango hupewa majina ya wakubwa, kila mkubwa na lango lake. Siku mkubwa anapokabidhiwa lango lake, analifunga mbele ya watu, bendi inapiga, na maneno yanasemwa kwamba kuanzia leo nchi imetulia. Sasa ukija kulifungua unasema nini? Unasema utulivu wa yule mzee umekwisha. Unamvua nguo. Kwa hiyo malango hayafunguliwi, yanaheshimiwa. Na kuyaheshimu ndiyo huko kuyapaka, kila mwaka koti jipya juu ya koti la zamani. Neno wanalotumia ni ukarabati, na wana Wizara yake kabisa, ina bendera.

Nilipanga kwa Mwamvua. Nyumba yake iko bondeni, karibu na mto, anaishi na mama yake, Mama Siwema, ambaye miguu imekufa na anakaa kitandani karibu na dirisha, redio kwapani kama mtoto. Mdomo sasa! Mdomo haukufa. Aliponiona akasema, "Huyu mbona kakonda? Kwao hawana bwawa?"

"Wanalo, mama, ila la kwao linavuja," Mwamvua akamtania.

"Pole zake. Letu halijawahi."

Nikachungulia dirishani. Ukuta wa bwawa ulijaa dirisha zima, juu pakabaki kipande cha mbingu chembamba kama mkanda.  Yule mama hawezi hata kufika mlangoni kwake mwenyewe, na kati yake na ziwa kuna udongo na malango ambayo ni aibu kuyagusa.

Siku mbili tatu nikavumilia. Halafu nikamwambia Mwamvua, dada, nikopeshe patasi na nyundo, tukaangalie kitu. Akadhani ni mzaha wa kigeni, akaja. Tukashuka kwa kamba hadi ukingoni mwa lango la tatu, pale chuma cha lango kinapoingia kwenye fremu. Hapo panatakiwa pawe na mwanya na raba, ili lango liteleze. Nikagonga. Likabanduka gamba nene kama ganda la mkate, na pembeni mwake rangi zimepangana tele: chungwa, kijani, nyingine nyingi katikati, hadi zambarau, maziwa, bluu.

"Hii bluu niliipaka nikiwa kigori," Mwamvua akasema, anacheka. "Na hii ya maziwa, mwaka nilioolewa. Hii zambarau, mwaka nilioachika."

"Dada, mwanya uko wapi?"

Akaangalia. Akaweka kucha. Hapakuwa na mwanya. Lango na fremu vilikuwa kitu kimoja, vimegundishwa. Tukapanda kwenye minyororo, nikamwambia aikunje. Pingili zilikuwa zimeshikana kwa rangi, mnyororo umesimama kama fimbo ya bakora. Nikamwona anaacha kucheka. Kwanza midomo, halafu macho.

"Kwa hiyo hata wakitaka..."

"Hata wakitaka."

"Na aliyeyagundisha ni mimi."

  Akakaa pale juu, patasi mapajani, akiangalia paa la nyumba yake kule chini. Halafu akasema neno ambalo Shwarini linafungisha mtu: "Si shwari."

Kukwangua rangi ya Ukarabati ni kosa, tena kubwa, linaitwa kuivua nchi nguo. Kwa hiyo Mwamvua akaamua kufuata njia ya heshima, akaenda kuomba ruhusa kwenye Baraza la Malango. Mimi nikamfuata. Na tulipofika pale mvua zilikuwa zimeanza kule milimani, mto unaoingia ziwani umeshageuka rangi ya chai ya maziwa.

Sasa nisikilizeni Baraza, maana ndipo hasira zangu zilipozaliwa.

Ukumbi una mazulia. Mtulizaji Mkuu, ndiye mtawala wa nchi, amekaa katikati, mtu mnene, mpole, sauti kama ya anayembembeleza mtoto alale. Kulia kwake yupo Mkuu wa Mstari. Huyu kazi yake ni kuangalia mstari mwekundu uliochorwa kwenye nguzo ya kupimia maji, kwa sababu sheria inasema maji yasivuke mstari huo. Akasimama kutoa taarifa.

"Waheshimiwa, maji yalikaribia mstari. Ofisi yangu ikachukua hatua za haraka. Tumeuchora mstari juu zaidi."

Makofi.

Nikanyanyua mkono. "Samahani, hayo maji yenyewe yamepanda kiasi gani?"

Mkuu wa Mstari akanitazama kwa huruma. "Binti, Shwarini maji hayapandi. Nchi inashuka kidogo. Ni kawaida ya majira."

Mwamvua akaruhusiwa kusema. Akasimama na gamba lake la rangi mkononi, akaeleza yote, bila kupamba. Akaomba kitu kimoja: akwangue kingo za malango na minyororo, malango yafunguliwe kidogo kabla ziwa halijafika ukingoni. Akamalizia, "Mama yangu yuko pale chini, waheshimiwa. Hatembei."

Mtulizaji Mkuu akatabasamu. "Mwamvua mwanangu. Wewe ni mpaka rangi au nabii?"

Ukumbi ukacheka.

"Mpaka rangi, mheshimiwa."

"Basi paka. Hivi tukikwangua, watoto watauona uso gani wa nchi yao? Kutu?"

Mvua ikaendelea. Wakachora mstari juu tena. Wakauchora mpaka nguzo ikaisha, wakaongezea kipande cha mbao juu ya nguzo. Nakuapieni, kipande cha mbao, kimepigwa misumari. Redio ya Mama Siwema ikatangaza kwamba nchi imeshuka kwa mafanikio.

Ilipofika mawimbi yanaramba kichwa cha ukuta, ndipo Baraza likahamia bwawani, na viti, na hema, na bendi. Wakakubali lango moja lifunguliwe, ili wananchi waridhike. Lipi sasa? Mjadala ukaanza pale pale, maji yanapiga ukuta pwaa, pwaa. Lango la kwanza, mwenyewe yupo, kanuna. La pili mwenyewe alisema likifunguliwa lake anajiuzulu, wakamwomba msamaha. La tatu ni la Mtulizaji, hata halikutajwa. La nne mwenyewe amekufa, watu wakafurahi, kumbe mtoto wake yumo Barazani, akasimama analia: "Baba yangu mumfungue kaburini?" Wakamfariji kwa muda mrefu. Mimi nimesimama nyuma, natamani kumpiga mtu. Likabaki la tano, ambalo halijapewa jina bado.

Kwa itifaki yao, kitufe kikibonyezwa, watu wanapiga makofi. Mtulizaji akabonyeza. Mota ikanguruma, ikalia, ikavuta. Mnyororo haukutikisika. Rangi hiyo! Lango halikusogea hata unywele. Mota ikatoa moshi mweusi, ikazima.

Na watu wakapiga makofi. Nimesema wakapiga makofi! Bendi ikapiga, akina mama wakapiga vigelegele, Mtulizaji akawapungia mkono, na moshi unapita juu ya kichwa chake. Kitufe si kimebonyezwa? Basi imekwisha. Wakaanza kukunja hema.

Mwamvua hakupiga makofi. Alivua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni, akawageukia wenzake. "Jamani tuliopaka ni sisi. Nani anashuka na mimi?"

"Watatufunga," mmoja akasema.

"Watatufungia wapi, gereza si liko bondeni?"

Wakacheka, cheko la hofu, halafu mmoja akachukua patasi, mwingine brashi ya waya, wa tatu nyundo. Mwamvua akanishika mabega. Hapo nikaona anavyogawanyika: jicho moja langoni, jicho moja kwenye lile paa.

"Nikienda kwa mama, lango halifunguki. Nikibaki, mama..." Akanisukuma kuelekea bondeni. "Mdogo wangu, una miguu. Nenda kamtoe."

Nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile, viatu niliviacha kwenye tope sijui wapi. Nikapiga kelele kila mlango, tokeni, pandeni kilimani, na watu wanachungulia wananiambia, "Shwari, dada?" Wengine walitoka walipoona ninavyolia. Nikamkuta Mama Siwema kitandani, redio sikioni.

"Mama, tunaondoka, maji."

"Maji gani? Redio imesema nchi imetulia."

"Kaniagiza Mwamvua!"

"Mwamvua naye anasikiliza watu waliokonda." Lakini akaniangalia usoni. Akasema taratibu, "Kuna toroli nyuma ya choo. Ya kubebea rangi." Nikampakia humo na redio yake, nikasukuma mlimani, yeye ananikaripia njia nzima kwamba sukuma kwa mgongo, siyo kwa mikono, chuo gani hicho.

Tukiwa katikati ya mlima nikageuka. Kule juu niliwaona wananing'inia kama matunda kwenye uso wa lango la tano, nyundo zinagonga, magamba ya rangi yanaanguka yanapepea, bluu, kijani, chungwa. Pembeni wengine walikuwa wameufukua mpini wa kuzungushia kwa mkono, ambao nao ulipakwa mpaka ukasahaulika, wanauzungusha wakiimba. Wimbo wao ule ule wa kupakia. Halafu chuma kikalia, sauti ndefu ya kitu kilichoamshwa kwa nguvu, na chini ya lango pakatoka mstari mweupe wa maji.

Mstari ukawa shuka. Shuka likawa mto. Lango lilinyanyuka nusu, likakwama, lakini nusu ile ilitosha. Ziwa likaacha kuramba kichwa cha ukuta. Ukuta ukapona.

Lakini maji yaliyopaswa kutolewa polepole tangu mvua za kwanza yalitoka yote kwa pamoja. Mto ukapanda kingo. Nikiwa nimeshika lile toroli niliona nyumba ya Mwamvua inapiga magoti, halafu haipo. Na za majirani. Watu walikuwa wamekwisha kupanda, namshukuru Mungu, isipokuwa yule baba wa homa. Nilipiga mlango wake. Alinijibu kutoka ndani, "Shwari tupu," nami nikaendelea kukimbia.

Mnataka kujua Baraza lilisemaje? Kaeni vizuri, msije mkaanguka.

Mtulizaji Mkuu alisimama juu ya mazulia, akatoa kitambaa, akajifuta macho. Akasema: "Ndugu wananchi, miaka yote malango yalipokuwa yamefungwa, kuna nyumba ilikwenda na maji?" Wakajibu hapana. "Kuna mtu alikufa?" Hapana. "Limefunguliwa moja tu, tena nusu, mmeona?" Tumeona! Nikapiga kelele, nikasema ukuta ungebomoka mngekufa nyote, mngekufa na bendi yenu, nyie mnahesabu nyumba zilizokwenda hamhesabu mji uliobaki! Askari wawili wakaniketisha. Mtulizaji akasema mgeni ana uchungu, apewe juisi.

Juisi!

Hukumu ya Mwamvua ikasomwa. Kwa kuivua nchi nguo alistahili kufungwa, lakini Baraza lina huruma. Alishushe lango la tano, alipake upya yeye mwenyewe mbele ya umma, na akimaliza mama yake atapewa nyumba. Asipofanya, mama abaki pale alipo, yaani kwenye toroli chini ya turubai. Na lango sasa limepata jina: la Mkuu wa Mstari, kwa uhodari wake wakati wa mafuriko.

Nikamwambia, dada usikubali. Akanitazama kama ananionea huruma. "Wewe mama yako yuko kwenye toroli?" akaniuliza. 

Siku ya kupaka walijaa wote, viti vya mbele waheshimiwa. Rangi iliyochaguliwa ni nyeupe, ya amani. Mwamvua akashuka kwa kamba peke yake na ndoo mbili, akapaka tangu asubuhi, taratibu, uso wote wa lango, mpaka ukang'aa ukaumiza macho. Akapanda, wakapiga makofi, Mkuu wa Mstari akalia kwa furaha. Ufunguo wa nyumba ukatolewa pale pale. Nilimchukia kidogo, nisiwafiche. Nilikwenda kumuaga nikiwa nimevimba.

"Hukuniuliza ndoo ya pili ilikuwa ya nini," akasema.

Tukateremka kwa kamba mpaka ukingoni mwa lango. Uso mweupe pe. Lakini pale lango linapoingia kwenye fremu, upana wa kiganja kuzunguka pande zote, chuma kilikuwa kitupu, kimesuguliwa, kinanata grisi. Mwanya ulikuwa wazi, kidole changu kiliingia. Nikaushika mnyororo. Ukakunjika mkononi kama mkufu.

"Wakiona?"

"Kutoka viti vya waheshimiwa haionekani. Na wao huku hawashuki, watachafuka."

"Na yale mengine manne?"

"Kila mwaka si wataniita nipake?" akasema. "Mwakani naanza na la Mtulizaji."

Nikahesabu kichwani, la Mtulizaji mwakani, halafu mengine, moja moja, mwaka kwa mwaka, na ukingo mmoja mmoja wa kiganja, akiiba kazi ambayo walipaswa kumwamuru aifanye. Nyuma ya lango ziwa lilikuwa limetulia, linapumua. Nikamuuliza kama mvua itamngoja.

 Alikuwa ameshageuka kuchukua grisi, akaupaka mnyororo mara ya pili, pingili kwa pingili, na kule juu bendi bado inapiga.